Juma kavu mwisho wa mwezi wa nane: mvua ya kwanza haijafungua sezoni A



Siku hizi simu zinatufikia bironi kila asubuhi na swali ni lile lile: "Mvula imeanguka jana, tupande?" Mahali pengine kweli imeanguka. Vumbi imelala, udongo umenukia vizuri, na jirani ameisha kutoa jembe na kitunga cha maharagi. Ukimwona jirani yuko shambani, roho haikai.

Jibu letu kwa juma hili, kwa sehemu kubwa ya milima ya Kivu ya Kusini na kwa bonde lote la Ruzizi: bado. Meteo inaonyesha siku kavu, jua kali saa sita, ukungu wa vumbi na moshi kwa mbali, usiku wa baridi, na mvua kidogo tu hapa na pale kwenye milima inayotazama pori. Mvua ile iliyoanguka haina wenzake nyuma yake. Mtu atakayepanda maharagi leo kwenye kilima anaweza kuona mbegu yake yote imekufa mbele ya juma la pili. Tunaeleza hapa chini sababu gani, na namna kila mtu anaweza kujua kwa shamba lake mwenyewe bila kungoja agronomu apite na pikipiki.

Mahali kwa mahali

Hali ya hewa haiko moja kwa koperative zetu zote, na hii inaleta mabishano kila mwaka wakati wa mikutano. Mtu wa Shabunda anacheka mtu wa Uvira, na wote wawili wako na haki.

Shabunda na sehemu za chini za Mwenga ziko ndani ya pori. Kule kiangazi hakina nguvu, mvua inapungua lakini haikatiki kabisa. Wakulima wa kule wasisome makala hii sawa amri. Udongo wao mara nyingi uko na maji hata mwezi wa nane.

Kabare, Walungu, Kalehe na kisiwa cha Idjwi ziko juu, mita 1460 na zaidi, kwani hapo njo usawa wa maji ya ziwa Kivu. Mwezi mkavu kuliko yote ni wa saba. Mwezi wa nane mvua za kwanza zinaanza kuchokoza, na mwezi wa tisa sezoni A inafunguka. Lakini kati ya mvua ya kuchokoza na mvua ya kufungua kunaweza kupita siku 10, 15, hata zaidi. Juma hili liko katikati ya hizo siku.

Ukishuka kwa Ngomo na kufika Kamanyola, ni nchi ingine. Bonde la Ruzizi linashuka mpaka ziwa Tanganyika, karibu mita 770 tu. Joto liko kali, upepo unakausha, na bonde limefungwa na milima pande mbili. Bukavu inapata karibu milimita 1300 za mvua kwa mwaka, na Uvira chini ya 1000. Kwa watu wa Luvungi, Sange, Kiliba na wa kuteremka mpaka Fizi, kufikiri juu ya kupanda kwenye shamba lisilo na maji ya mfereji wakati huu ni mapema mno. Kwao kawaida ni mwezi wa kumi. Wenzetu wa Kalemie watangoja vile vile, na wa Lubumbashi zaidi, mpaka mwisho wa mwezi wa kumi ao mwezi wa kumi na moja.

Tunaongeza neno moja kwa wale ambao wako na jamaa Beni ao Lubero. Wakikupigia simu kusema mvua inanyesha kila siku, wanasema kweli, lakini hiyo haikuhusu. Beni iko karibu kabisa na ikweta na mwezi wa nane kule ni mwezi wa mvua. Usichukue kalenda ya mtu mwingine.

Kwa nini mvua inakuja halafu inaenda

Mvua kubwa za Afrika zinafuata jua. Mwezi wa sita jua liko kaskazini, na mkanda wa mawingu unakwenda nalo upande wa Uele, Sudani na Chadi. Halafu jua linarudi. Karibu tarehe 22 ya mwezi wa tisa linavuka ikweta, juma moja nyuma linakuwa juu ya kichwa kabisa hapa Bukavu, na karibu mwisho wa mwezi wa kumi liko juu ya Lubumbashi. Ukishika hesabu hiyo utaelewa sababu gani sezoni inateremka kutoka kaskazini kwenda kusini, mahali kwa mahali, na haifunguki siku moja kwa inchi yote.

Sasa, katikati ya kiangazi upepo wenye nguvu kwetu unatoka kusini-mashariki. Unapita juu ya Tanzania na Burundi, na unafika hapa mkavu. Unaleta pia vumbi, na moshi wa majani yanayochomwa katika savana za Katanga, Zambia na Angola. Njo maana mwezi wa saba na wa nane hatuoni vizuri milima ya ng'ambo ya ziwa. Upande wa pili, magharibi, kuko pori kubwa la bonde la mto Kongo, ambalo hewa yake iko na maji mengi wakati wote. Hewa hizi mbili zinasukumana, na mpaka wao uko karibu na milima yetu. Upepo wa kusini-mashariki ukilegea siku mbili, hewa ya pori inapanda mlima, inapoa, na mvua inaanguka mchana ama jioni, tena kwa nguvu, na radi. Watu wanasema: sezoni imefika. Siku ya tatu upepo ule mkavu unarudi, mawingu yanafukuzwa, na tunapata juma sawa hili.

Kwa hiyo mvua ya mwisho wa mwezi wa nane haidanganyi mtu kwa makusudi. Ni mapigano ambayo bado hayajaisha. Mwezi wa tisa ukisonga, upepo wa kusini-mashariki unachoka, na hewa ya pori inashinda siku nyingi kuliko kushindwa.

Dalili ingine ya kutazama bila chombo chochote ni asubuhi. Kama unaamka na mbingu safi, baridi kali na umande mwingi kwenye majani, halafu saa tano upepo unaanza kutoka upande wa mashariki, siku hiyo usitegemee mvua ya maana. Umande nao usikudanganye: unalowesha miguu, lakini mizizi haiwezi kuishi nao. Kumbikumbi, ambao wazee wengi wanawafuata, wanatoka kweli nyuma ya mvua, lakini wanatoka kwa sababu udongo umelowa leo. Hawajui habari ya juma linalokuja. Hatuwacheki wazee, dalili zao zinasema vizuri kilichotokea, ila si kila mara kinachokuja.

Mbegu inafanya nini ndani ya udongo

Hapa njo hatari yenyewe iko, na tutakaa kidogo.

Mbegu ya haragi kavu inaweza kukaa ndani ya udongo mkavu kwa siku nyingi na isife. Imelala. Hatari yake ni chungu, panya na kuku. Lakini mbegu ambayo imekunywa maji haiko tena ile ile. Siku ya kwanza inavimba. Kama ingekauka hapo, zingine zingepona. Siku ya pili ao ya tatu inatoa mzizi mdogo, mweupe, laini. Kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma. Mzizi ule lazima upate maji kila siku, na kama udongo chini yake ni mkavu, unakauka na mbegu inakufa. Ukifukua utaona ganda limefunguka na ndani mweusi ao unga. Watu wengi wanasema "mbegu ya shirika ilikuwa mbaya". Mara nyingi mbegu ilikuwa nzuri kabisa, ilikufa kiu.

Tuchukue mvua ya milimita 8, ambayo kwa macho inaonekana nyingi, na njia zinajaa tope. Kwenye udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi, uliokauka miezi miwili, mvua hiyo inaingia sentimeta 4 ao 5 hivi, haifiki mbali zaidi. Ndipo mbegu ya maharagi inapolala, kwa hiyo inakunywa na kuamka. Chini yake hakuna kitu. Na jua la siku kavu, pamoja na upepo, linanyang'anya udongo milimita 3 mpaka 5 kwa siku. Siku mbili ao tatu, maji yote yamekwenda. Haragi kwenye milima yenye baridi linahitaji siku 6 mpaka 8 kutoka nje. Fanya hesabu wewe mwenyewe.

Kuna shida ya pili ambayo wamama wanaijua sana. Mvua ya kwanza yenye nguvu inapiga udongo mtupu, halafu jua linauchoma, na juu kunatengenezwa ganda gumu sawa tofali. Haragi halitoki nje na kichani kimoja chembamba sawa hindi. Linasukuma vipande vyake viwili vizito juu, shingo ikiwa imekunjwa. Likikuta ganda, shingo inavunjika. Kwa nje hakuna kilichoota. Ukivunja ganda unakuta shingo zimelala chini yake.

Hindi ni gumu kidogo kuliko haragi, na mtama zaidi ya hindi. Lakini hata mahindi yanayotoka kwa shida yanatoka mamoja leo, mengine juma lijalo, na shamba linabaki na watoto wa umri mbalimbali, wakubwa wakifunika wadogo.

Na sasa hesabu ya mfuko. Kwa ari 10 za maharagi yasiyopanda mti, mtu anahitaji karibu kilo 8 za mbegu. Tufikiri koperative ya memba 40, kila mmoja ari 10: ni kilo 320 zimetoka depo. Nusu yao wakipanda kwa mvua ya uongo na kupoteza, kilo 160 zimeoza, na watu 20 wanarudi kuomba zingine wakati depo iko tupu. Wataenda sokoni katikati ya mwezi wa tisa, siku ambazo kila mtu anatafuta mbegu, kununua maharagi ya kula bila kujua yanatoka wapi. Deni la kwanza liko pale pale, maana mbegu ya mkopo inarudishwa hata kama haikuota. Tunaomba komite zisiseme neno hili chini chini. Kutoa mbegu yote siku ya mvua ya kwanza, juu ya kelele za memba, ni kuwasaidia vibaya.

Mbolea ya dukani nayo ina habari yake. DAP ikiwekwa ndani ya shimo kavu karibu na mbegu inaichoma, kwa sababu chumvi yake inavuta maji machache yaliyoko. Na urea ikimwagwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo halafu jua likawaka, sehemu kubwa inapanda hewani; pua yako itakuambia. Mifuko ibaki imefungwa juma hili.

Pima mwenyewe

Chukua mukebe wowote wenye mdomo sawa na chini, usio na shingo: wa maziwa ao wa tomati. Uusimamishe juu ya kijiti, katikati ya shamba, mbali na mti na mbali na paa, mdomo ukiwa sawasawa kama meza. Nyuma ya kila mvua, asubuhi saa moja, ingiza rula ya mwanafunzi na usome maji yako na urefu gani. Milimita kwa milimita, njo ile ile wanayosema kwa meteo. Andika ndani ya kaye, na mwaga. Usipomwaga, jua litakunywa na kesho utasoma uongo.

Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwa ari 10, mita 1000 za mraba, ni lita 1000, yaani bidoni 50 za lita 20. Mvua ya milimita 20 basi ni bidoni 1000 ulizoletewa bila kubeba.

Kipimo ambacho watu wa utafiti wanatumia mahali pengi Afrika, na ambacho tunakubali kwa milima yetu, ni hiki: sezoni imefunguka wakati umepata milimita 20 ao zaidi ndani ya siku 3, na nyuma yake hakuna ukavu mrefu wa siku 7 ao 10. Sehemu ya kwanza mukebe unakuambia. Sehemu ya pili inatoka kwa meteo na kwa tarehe: mvua ya milimita 20 tarehe 25 ya mwezi wa nane haina thamani moja na ile ya tarehe 15 ya mwezi wa tisa, hata kama mukebe unaonyesha sawa.

Halafu kuna jembe. Chimba urefu wa kiganja kizima, toka ncha ya kidole cha kati mpaka kwenye kifundo cha mkono, karibu sentimeta 18. Chukua udongo wa chini kabisa, ukamue kwa ngumi. Ukifungua mkono na donge likakaa, ulirushe juu kidogo ulidake. Kama halivunjiki, maji yamefika. Likimwagika sawa unga, funika shimo na rudi nyumbani. Fanya hivyo mahali patatu: juu ya kilima, katikati, na chini. Mara nyingi chini kunakubali wiki nzima mbele ya juu, na hakuna sheria inayokulazimisha kupanda yote siku moja. Kwa udongo wa mchanga wa Ruzizi donge haliko gumu hata likilowa. Kule angalia kama linaacha unyevu kwenye kiganja.

Meteo ya radio, namna ya kuisikiliza

Watu wanakasirika: "Walisema mvula, haikunyesha." Tusikilize vizuri kilichosemwa. Wakisema kuna nafasi 30 kwa 100, maana yake siku sawa hiyo zikiwa 10, 3 zinaleta mvua na 7 hapana. Ukipanda kwa nafasi hiyo umecheza karata. Pia utabiri wa mkoa unazungumza juu ya eneo kubwa. Mvua za wakati huu ziko ndogo kwa upana. Nyangezi inaweza kulowa na ng'ambo ya kilima wakabaki na vumbi, na meteo haikukosea.

Serikali iko na shirika lake la meteo, Mettelsat. Lakini vituo vya kupimia mvua ni vichache sana kwa inchi kubwa sawa yetu, na sehemu nyingi utabiri unategemea picha za satelaiti. Satelaiti inaona wingu. Haioni kama tone limefika kwenye shamba lako. Ndiyo sababu kaye yenye vipimo vya mukebe, ikishikwa na memba 5 ao 6 wa kila koperative kwenye vilima mbalimbali, ina faida ambayo hata Kinshasa hawana. Nyuma ya miaka mitatu ao minne mtajua tarehe za kilima chenu kuliko mtu yeyote.

Kitu kimoja tunaomba wenye simu kubwa: programu za simu zinazochora kawingu na matone kwa siku 14 mbele. Siku 3 za kwanza zinasaidia. Mpaka siku 5 ao 6, angalia tu kama kunaelekea ukavu ao unyevu. Siku ya 12, usiuze mbuzi juu yake.

Kungoja pia kuna bei

Hatusemi watu wangoje mpaka Krismasi. Mtu anayechelewa anapoteza kwa upande mwingine. Nzi wa maharagi, yule ambaye mtoto wake anatoboa shina chini na kulifanya livimbe na kupasuka, anashambulia zaidi mashamba yaliyopandwa nyuma ya wengine. Mahindi yaliyochelewa yanasukuma sezoni B, kwa sababu shamba haliko tupu mwezi wa pili. Na kuna familia ambazo ghala lao linaisha mwezi wa kumi na moja. Kila juma la kuchelewa ni juma la njaa. Tunajua hivyo, na ndiyo maana mtu anapanda kwa mvua ya kwanza. Hapandi kwa ujinga.

Kwa hiyo kwa Kabare, Walungu na Kalehe shauri letu ni kugawa. Ukiwa na kilo 8, usiziweke zote ndani ya mvua moja. Kwanza sehemu ya chini ya kilima ao kando ya bonde, mahali donge linakaa: kilo 2 ao 3. Zilizobaki zingoje milimita 20. Mvua ikifunguka kabisa mwezi wa tisa, panda yote bila kukawia, usingoje tena siku nzuri zaidi. Mwezi wa tisa ukiisha na mukebe wako haujafika 20, njoo tuongee: hapo tutafikiri juu ya maharagi ya muda mfupi ao kubadili sehemu kwa mihogo na viazi, ambavyo vinavumilia.

Wengine wanapanda mahindi kwenye udongo mkavu kabisa, yakiwa ndani sana, sentimeta 7 ao 8, ili mvua ndogo isiyaamshe. Ni njia ya kweli, inafanya kazi, lakini inataka mbegu iliyo na dawa ya wadudu na shamba lisilo na panya. Kwa maharagi hapana, shingo haitoki toka huko.

Kazi za juma kavu

Jua hili lina faida. Maharagi ya mabondeni, yale ya sezoni C, yavunwe na kuanikwa sasa juu ya bashi, si juu ya udongo. Mihogo iliyoloweshwa inakauka siku tatu badala ya juma zima, na unga unatoka mweupe. Mitaro ya kuzuia mmomonyoko izibuliwe, na setaria iliyokufa kwenye kingo irudishwe mvua ikija. Mvua za kwanza zenye nguvu juu ya kilima kitupu njo zinabeba udongo mzuri mpaka ziwani.

Usichome majani. Tunajua uchomaji unafanya shamba lionekane safi na kuokoa siku nyingi za jembe, na mtu ambaye hana mikono ya kumsaidia tunamwelewa. Lakini majani yale yakilala juu ya udongo yanazuia ganda lile gumu tulilosema, na yanapunguza maji ambayo jua linanyang'anya. Na kwa upepo wa juma hili moto hauchagui: unaanza kwako, unaishia kwa kahawa ya mwingine.

Wenye kahawa, tazama matawi. Mvua ya kuchokoza inatosha kufungua maua. Yakiwa yamefunguka na ukavu ukarudi, mengi yataanguka, na hakuna dawa ya dukani ya kuyarudisha. Kilichobaki ni kufunika chini ya mti kwa majani ya ndizi, mbali kidogo na shina, ili mti ushike maji uliyonayo. Vitalu vya miche vinyweshwe asubuhi mapema ao jioni, usingoje saa sita.

Na mbegu yenyewe ipimwe. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua nzuri, zifunge ndani ya kitambaa chenye maji, kiweke mahali pa joto jikoni, ulowanishe kila siku, na siku ya saba uhesabu zilizotoa mzizi. Zikipita 80 uko salama. Zikiwa kati ya 60 na 80, utaongeza mbegu kwa kila shimo. Zikiwa chini ya 60, waambie komite juma hili hili, mbele watu wote hawajaingia sokoni.